Bunduki ya kubeba begini: hotuba kwa wapiga kambi wetu wa Boise, jimbo la Idaho, Marekani

Shikamooni wazee wangu. Akina mama, akina baba, na ninyi vijana mliokaa karibu na mlango, habari za mchana. Asanteni kwa kunipa nafasi hii kabla ya chakula.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wenu mmekuwa mkiniuliza mmoja mmoja tangu theluji ianze kuyeyuka: mtu anayetaka kwenda kupiga kambi milimani, kila kitu chake kikiwa mgongoni, abebe bunduki gani? Jibu nalitoa mapema ili hata atakayelazimika kuondoka awe amelisikia. Abebe bunduki ndogo ya risasi ya .22 (yenye kipenyo cha inchi 0.22 hivi), nyepesi, fupi, anayoimudu. Na aibebe kwa ajili ya sungura na ndege wa kitoweo, si kwa ajili ya dubu, wala si kwa ajili ya binadamu mwenzake.

Nianze na dubu, kwa sababu hofu ndiyo inayowanunulisha watu bunduki isiyowafaa. Mtu akishasikia kwamba milima ya Idaho ina dubu, puma na mbwa mwitu, anakwenda dukani na kuomba silaha kubwa kuliko zote zilizoning'inizwa ukutani. Anarudi na bunduki ya kuwindia paa wakubwa, ambayo ikifungwa darubini inafika kilo nne. Siku ya safari anaitazama, anaitazama mizigo mingine, halafu anaiacha kwenye gari. Mwingine anakosea upande wa pili: ananunua .22 akidhani imemkinga. Haijamkinga. Dubu mweusi mkubwa ana uzito unaozidi kilo 100, na risasi ya .22 itamjeruhi na kumkasirisha bila kumzuia. Kwa dubu, nunueni dawa ya pilipili iliyotengenezwa kwa ajili ya dubu, ile ya kopo kubwa inayofika mita 8 hivi. Ining'inize kiunoni au kifuani, mahali mkono unapofika haraka, usiizike ndani ya begi. Na chakula kikae mbali na hema. Mambo hayo mawili yatawasaidia kuliko bunduki yoyote nitakayoitaja leo.

Sasa sheria, na hapa naomba simu ziwekwe chini kidogo. Kwa sisi tuliokuja katika nchi hii kutoka kwingine, kosa la silaha halimalizwi kwa faini. Hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini, hata kama ana kadi ya kijani, yaani ya ukaazi wa kudumu, hata kama watoto wake wamezaliwa hapa. Kwa hiyo kabla ya kuchagua bunduki, hakikisha kwanza kwamba wewe mwenyewe unaruhusiwa kuigusa.

Mwenye uraia, mwenye kadi ya kijani, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi anaweza kununua bunduki ya namna hii kwenye duka lenye leseni akiwa na miaka 18, mradi hana kizuizi kingine. Aliye hapa kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mgeni wa matembezi, kwa kawaida haruhusiwi kununua wala kuwa nayo. Vighairi ni vichache, na kinachojulikana zaidi ni kuwa na leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Asiye na karatasi haruhusiwi kabisa, na simaanishi kununua tu: hata kuishika ya rafiki kwenye uwanja wa shabaha ni kosa la shirikisho. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kumpiga mke au mume, naye amezuiwa.

Dukani utapewa Fomu 4473, fomu ya shirikisho ya mnunuzi wa bunduki. Isome swali kwa swali. Kama Kiingereza chako bado kinakusumbua, rudi nyumbani kwanza, tutaisoma pamoja siku nyingine, kwa sababu jibu la uongo kwenye fomu ile ni kosa la jinai. Kuna swali linalouliza kama unatumia bangi. Najua ukivuka mto hapo jimbo la Oregon inauzwa madukani na taa zimewashwa. Fomu inasema wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi sheria ya shirikisho. Na kuna swali linalouliza kama wewe ndiye mnunuzi wa kweli. Kuna watu wema kati yetu ambao wakiombwa na shemeji, "Ninunulie, mimi karatasi zangu bado," wanaona ni msaada wa kindugu. Si msaada. Unamtia shemeji matatani na wewe unamfuata. Mkatalieni kwa upole, lakini mkatalieni.

Jambo lingine linahusu neno "fupi". Sheria ya shirikisho inataka mtutu wa bunduki ya namna hii usipungue inchi 16, karibu sentimita 41, na bunduki nzima isipungue inchi 26, yaani sentimita 66. Pale Kivu au Kigoma fundi angeweza kukata mtutu wa gobore kwa msumeno na asiulizwe na mtu. Hapa kukata mtutu chini ya kipimo hicho bila kibali cha shirikisho ni jela. Ufupi tunautafuta kwa kununua bunduki inayokunjwa au kufunguliwa vipande viwili, ambayo kiwanda chenyewe kimezingatia vipimo.

Haya, kwa nini .22? Risasi hii, inayoitwa .22 Long Rifle, ilitolewa mwaka 1887 na kampuni ya J. Stevens ya Massachusetts, na mpaka leo haijapata mpinzani kwa kazi ndogo. Kichwa chake kina uzito wa gramu 2.6 tu. Haisukumi bega, kwa hiyo mtu mzima anayejifunza hajengi tabia ya kufumba macho kabla ya kufyatua. Haiharibu nyama, sungura aliyepigwa kichwani anaingia sufuriani mzima. Na uzito wake ni mdogo: boksi la risasi 50 lina gramu 170 hivi. Linganisha na boksi la risasi 20 za .308, risasi maarufu ya kuwindia wanyama wakubwa, ambalo ni karibu nusu kilo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Muuzaji dukani hatakubebea chochote. Piga hesabu mwenyewe: hema kilo mbili, blanketi la kulalia kilo moja na nusu, kila lita ya maji kilo moja, chakula cha siku mbili, sufuria, nguo za baridi, kwa sababu kule Stanley milimani usiku wa Agosti unaweza kuganda. Ukishajumlisha hayo, nafasi iliyobaki kwa bunduki ni kilo mbili, zikizidi sana mbili na nusu pamoja na risasi zake.

Ndani ya kipimo hicho ziko bunduki kadhaa, na nitasema wazi ninayoipenda na nisiyoipenda.

Maarufu kuliko zote kwa kazi hii ni ile ya kampuni ya Henry, inayoitwa U.S. Survival AR-7. Ina historia ya kuvutia. Miaka ya 1950 jeshi la anga la Marekani lilitaka bunduki ndogo ya kumsaidia rubani aliyeanguka porini apate chakula. Eugene Stoner, yule yule ambaye kazi yake ilizaa M16, bunduki ya jeshi la Marekani, alibuni akiwa kampuni ya ArmaLite bunduki inayojificha ndani ya kitako chake chenyewe, na baadaye wazo hilo likageuzwa kuwa bunduki ya raia ya .22. Unafungua kifuniko cha mpira nyuma ya kitako, unakuta mtutu, unakuta mwili wa bunduki, unakuta magazini mbili za risasi nane nane. Ikiwa imefungwa ina urefu wa sentimita 42 hivi, uzito kilo 1.6, na ikitumbukia ziwani inaelea.

Lakini ngojeni niwaonyeshe inavyokuwa mkononi. Unapachika mwili kwenye kitako, unakaza skrubu iliyo chini ya mshiko. Unapachika mtutu, kijino chake kikae kwenye mfuo wake, halafu unakaza nati kwa vidole. Ile nati inalegea. Ukifyatua risasi kadhaa bila kuikagua, mtutu unaanza kucheza, na shabaha yako inahama bila wewe kujua sababu. Pia mdomo wa magazini ndio unaoielekeza risasi kuingia kwenye mtutu. Ukipinda kidogo tu kwa kudondoka kwenye jiwe, bunduki inakwama. Inataka risasi za kasi zenye kichwa cha mviringo. Ukiilisha zile za polepole, inazisumbukia. Triga yake ni nzito. Ni kitu cha kuheshimiwa, na mtu wa mtumbwi nitamshauri ainunue. Kwa mtu anayejifunza kulenga, hapana, itamkatisha tamaa.

Ya pili ni Ruger 10/22 Takedown. 10/22 yenyewe ipo tangu 1964, na hii inayofunguliwa vipande viwili ilitoka mwaka 2012. Unavuta boliti, kile chuma kinachoifunga risasi ndani, nyuma ibaki wazi, unachungulia ndani na kuhakikisha hakuna risasi, unasukuma kijiti kilicho chini, unazungusha, mtutu unatoka. Kila kipande ni nusu mita hivi. Ina kilo 2.1, magazini ya risasi kumi inayokaa ndani bila kuchomoza, na inapiga vizuri. Kuna pete kwenye kiungio ambayo siku ya kwanza inabidi uikaze sawasawa. Ukishaiweka, mtutu unarudi mahali pake karibu kila mara. Nasema karibu, kwa sababu darubini imefungwa kwenye mwili na mtutu unaondoka peke yake. Kila ukiiunga upya, piga risasi mbili tatu kwenye karatasi kabla ya kumlenga kiumbe hai. Kwa mtu aliyekwisha kujifunza, hii ndiyo chaguo langu, na silioni la karibu yake.

Ipo ya Chiappa ya Italia, Little Badger, inayokunjwa katikati. Kilo 1.3 tu, risasi moja kwa wakati. Kitako chake ni fremu ya waya, na waya ule asubuhi ya baridi kwenye shavu haupendezi. Inafaa kwa anayehesabu kila gramu. Marlin walikuwa na yao nzuri iitwayo Papoose. Ukiipata kwa mkono wa pili ikiwa safi, ichukue bila kusita.

Lakini kwa wengi waliomo humu ndani, familia zenye watoto, watu ambao hawajawahi kukutana na bunduki isipokuwa ile waliyoelekezewa, ushauri wangu ni mwingine. Anzeni na bunduki ya boliti ya risasi moja, kama Savage Rascal. Ni kilo 1.2. Imetengenezewa vijana, kitako ni kifupi, na ndiyo maana inaingia begini bila kufunguliwa sana na akina mama wengi wanaiona inawakaa vizuri begani. Unaweka risasi moja kwa vidole, unafunga boliti, unalenga, unafyatua. Ukitaka kuiondoa risasi bila kupiga, unafungua boliti, basi. Huhitaji kugusa triga. Mtu mwenye risasi moja anasubiri sungura ageuke. Mwenye risasi kumi anajaribu bahati, na nimeona watu wakimaliza magazini nzima kwenye kichaka ambacho sungura alishakihama. Tena nusu otomatiki, yaani inayojipakia risasi yenyewe kila ukifyatua kama ile 10/22, ina mambo yake ya kisheria: ukihamia jimbo la Washington, hata hiyo 10/22 ndogo imewekwa kundi moja na bunduki kubwa za nusu otomatiki, na mnunuzi lazima awe na miaka 21. Bunduki ya boliti haimo kwenye kundi hilo.

Ukishainunua, usiipeleke milimani kwanza. Ipeleke uwanja wa shabaha. Chora duara la sentimita tano kwenye karatasi, kaa chini mita 25, egemeza kiwiko kwenye goti, piga risasi tano. Zikiingia zote, na zikaingia tena kesho yake, umeruhusiwa kuwinda kwa umbali huo, na umbali huo tu. Bunduki iliyorekebishwa ipige katikati kwa yadi 50, karibu mita 46, ikifika yadi 100 risasi yake imeshuka sentimita 15 hivi; ukimlenga sungura kichwa utapiga ardhi, au utamvunja mguu akafie shimoni. Mnyama ana haki ya kufa mara moja. Sisi tuliolelewa kuchinja kwa kisu kikali tunalijua hilo vizuri. Na Waislamu wenzetu, mwenye kufuata suala la kumtaja Mungu na kumchinja akiwa bado hai, aulize kwa sheikh wake kabla ya msimu, ajue moyoni mwake anakula nini.

Jueni pia kwamba udogo wa risasi hii unadanganya. Inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili. Inaruka ikigusa jiwe, inaruka ikigusa maji. Kwa hiyo hakuna kumpiga ndege aliye juu ya tawi na nyuma yake ni mbingu tupu, na hakuna kupiga kuelekea ziwani. Kilima nyuma ya shabaha, kila mara. Na vaeni vizibo vya masikio uwanjani. Sauti yake ni ndogo ukiilinganisha na nyingine, lakini masikio inayaumiza.

Wapi mnaweza kufyatua? Kwenye misitu ya taifa, kama Boise National Forest hapa juu yetu, ni marufuku kufyatua ndani ya yadi 150, sawa na mita 137, kutoka nyumba, kambi, au mahali watu wanapokaa, na ni marufuku kupiga kuvuka barabara au maji. Yellowstone ni kitu kingine. Tangu Februari 2010 mtu anaweza kuwa na bunduki ndani ya hifadhi za taifa kwa kufuata sheria za jimbo husika, lakini Yellowstone huwindi wala hufyatui, na kwenye majengo ya serikali huingii nayo. Mkipita huko, ibaki imefungwa, bila risasi.

Kuwinda kunataka leseni, hata kama ni kindi mmoja. Aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 1975 lazima awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ndipo Idaho impe leseni, na mafunzo yenyewe ni mazuri, msiyaone kama usumbufu. Sungura akishapatikana, vaa glavu kabla ya kumchuna. Kuna homa ya sungura huku, inaingia kupitia mkwaruzo mdogo wa mkononi. Ukiona ini lina madoa meupe, mwache, usimle. Asiye na madoa, mpike mpaka aive kabisa.

Nimalizie na kambi yenyewe, kwa sababu huko ndiko bunduki inakokaa muda mwingi kuliko porini. Mkifika, risasi zitoke, boliti itoke, na boliti ikae mfukoni mwa mtu mzima mmoja anayejulikana. Hiyo ndiyo faida nyingine ya bunduki inayofunguka: nusu ikae hemani, nusu ikae kwenye kisanduku cha kufuli. Mtoto akiikuta nusu, amekuta chuma. Msimkataze mtoto kuiuliza. Mwonyesheni ikiwa tupu, mchana, mbele yenu, mpaka hamu imwishe.

Na kuna hili, ambalo nalisema kwa heshima zote. Katika ukumbi huu wamo watu ambao mara ya mwisho kusikia mlio wa bunduki usiku walikuwa wanakimbia na mtoto mgongoni. Wengine hawatasema. Ukipanga kambi ya pamoja, usiiweke bunduki kwenye gari kimyakimya ukafikiri ni ndogo, haina neno. Sema mapema: ninayo, ni ya namna hii, nitakwenda nayo upande ule asubuhi, mtasikia mlio mara moja au mbili. Mama akisema safari hii asiisikie, iacheni nyumbani. Samaki wapo, na chambo hakipigi kelele.

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutakuwa uwanja wa shabaha. Mwenye bunduki ailete bila risasi, boliti wazi, ndani ya mfuko wake. Risasi ziwe kwenye buti la gari. Asiye nayo aje tu, lakini aje akiwa na uhakika wa karatasi zake. Na mwenye swali kuhusu viza au kesi iliyopita, asiniulize hapa mbele ya watu. Anione pembeni baada ya kula, nitampa namba ya wakili wa uhamiaji ampigie yeye mwenyewe.